Kisanduku Kinachotafuta Popote, na Ombi Langu Kwamba Kipunguziwe Upeo

KWA: Fundi wa Kompyuta, chumba cha chini, nyuma ya ngazi
KUTOKA: Mwandishi wa orodha za milango, ghorofa ya tatu, meza ya dirishani
NAKALA: Mkurugenzi, Mchoraji Mkuu, Dada wa Mapokezi, Dereva, Mama yangu mzazi
YAH: UPEO WA UTAFUTAJI

Ndugu Fundi,

Pokea salamu za ghorofa ya tatu. Huku tuko wazima wote isipokuwa heshima yangu, ambayo hali yake nitaieleza hapa chini kwa namba, ili usije ukasema hukuelewa.

Nakuandikia kwa mkono, kwenye karatasi, ingawa tunafanya kazi katika jengo moja na kati yetu zipo ngazi arobaini na mbili tu. (Nimezihesabu kwa ajili ya kazi.) Ninazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba karatasi ndicho kitu pekee ofisini humu ambacho kisanduku chako hakiwezi kukitafuta. Ya pili utaiona katika kiambatisho.

Kwa faida ya wale watakaopata nakala, nianze mwanzo.

Kazi yangu ni milango. Ofisi yetu inachora majengo, na jengo likishachorwa mimi ndiye ninayeandika orodha ya milango yake. Kila mlango una ukurasa wake, na kila ukurasa una mistari sita: namba, nyenzo, upana, bawaba, kufuli, na upande wa kufungukia. Huo mstari wa mwisho ndio mgumu. Mlango ukifungukia upande usiofaa, kitanda cha mgonjwa hakipiti, na mtu aliyesimama nyuma yake anapigwa puani. Huu ni mwaka wa tatu ninawaza jambo hili moja kuanzia asubuhi hadi jioni, kiasi kwamba Dereva aliacha kuniita kwa jina langu akaanza kuniita Dada Bawaba, na ofisi nzima ikafuata.

Jumatatu ya wiki tatu zilizopita ulipanda ukiwa na bisibisi nyuma ya sikio, ukatazama skrini yangu yenye vialama thelathini na viwili vimejipanga kama viatu mlangoni mwa msiba, ukasema, "Dada, unateseka bure." Ukaniwekea programu ndogo ya kufungulia vitu vingine vyote. Ukanionyesha: bonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kisanduku kinatokea katikati ya skrini, andika herufi mbili tatu, kinakuletea unachotaka kabla hujamaliza kukitaka. Sikatai kwamba nilifurahi. Nilikibonyeza mara sitini siku ile. Nilifungua kikokotoo bila kuwa na hesabu yoyote.

Kisha ukaingia kwenye mipangilio, mahali palipoandikwa "Upeo wa utafutaji", penye vijisanduku vya kuweka tiki: programu, mafaili ya kazi, mafaili binafsi, seva ya ofisi. Ukaniuliza, "Kitafute wapi?" Wakati huo nilikuwa nazungumza na Mama kwenye simu. Nikasema, "Popote." Ukaweka tiki zote. Kompyuta ikadai ruhusa, ukaandika nywila yako ya ufundi kwa vidole viwili, ukiwa umekunja kiwiko ili nisione. Hapo hapo ukaitwa chini kwa sababu mashine ya kuchapa ilikuwa imemeza karatasi tena, ukaondoka mbio, ukasahau bisibisi.

Nakiri kwamba nilisema "popote". Lakini mtu akimwambia mgeni ajisikie yuko nyumbani, hamaanishi afungue kabati la nguo na kuuliza maswali.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwenye folda yangu binafsi nilikuwa na maandishi yasiyo ya kazi. Mimi si mtu wa kusema sana. Watu ninawaelewa polepole, nikiwa peke yangu, na njia niliyoizoea ya kuelewa kitu ni kukiandikia mistari sita. Kwa hiyo, kwa muda wa miaka mitatu, nimekuwa nikiwaandika watu ninaowafahamu kana kwamba ni milango. Na kwa kuwa nimefundishwa nidhamu ya ofisi, niliyapa mafaili hayo majina kwa utaratibu wa ofisi: neno "Mlango", kisha kistari, kisha mhusika.

Jumatano ya wiki iliyofuata kulikuwa na kikao cha zahanati mpya. Wateja watano, Mkurugenzi, Mchoraji Mkuu, chai, projekta. Mkurugenzi akasema, "Binti, tuonyeshe milango." Nikabonyeza vitufe viwili kwa madaha, nikaandika "mlango", na kisanduku chako, ambacho siku zote kilikuwa kikiniletea milango ya zahanati peke yake, kikaamua siku hiyo kuonyesha uwezo wake wote. Ukutani, kwa herufi kubwa kama kichwa cha mtu, kukatokea: Mlango – Mkurugenzi. Mlango – Mchoraji Mkuu. Mlango – Mama. Mlango – Dada wa Mapokezi. Na mingine ambayo sitaitaja hapa bali katika namba 4.

Mteja mmoja, mzee mpole mwenye miwani, akauliza Mlango – Mkurugenzi ni wa chumba gani. Mkurugenzi, ambaye alidhani tumemtengea chumba kwenye zahanati ya watu, akavuta tai na kusema, "Fungua tuone."

Nikafungua. Sijui kwa nini. Nimezoea kutii. Ukuta mzima ukasomeka: Nyenzo: kioo. Kufuli: lipo, ufunguo haujulikani uliko. Upande wa kufungukia: wa kuvuta, ila watu wote wanausukuma, nao hausemi.

2. Ningetukanwa ningeelewa. Ningefukuzwa ningefungasha. Mkurugenzi hakufanya lolote kati ya hayo. Baada ya kikao alikwenda kusimama karibu na mlango wa kioo wa mapokezi kwa nusu saa nzima, akiwatazama watu wakiusukuma. Kisha akapanda kwangu, akavuta kiti, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Binti yangu, haiwezekani nikawa wa mbao?" Nikamwambia orodha ikishasainiwa habadilishi mtu nyenzo. Akasema, "Hata nusu? Juu kioo, chini mbao?" Tangu siku hiyo tunajadiliana. Jana tulifika kwenye kitasa cha shaba.

3. Kufikia Ijumaa kulikuwa na foleni. Mchoraji Mkuu, ambaye kwa miaka mitatu aliniambia maneno mawili tu, "Pisha, mama," alikuja na rula kupinga upana wake. Dada wa Mapokezi alisoma kwamba yeye ni mlango wenye upepo, unaofunguka wenyewe hata usipoguswa na mtu, akasema, "Hapo umenipata, mwenzangu," akaenda kuwasimulia wote waliokuwa bado hawajasikia, na hivyo kuthibitisha maandishi yangu neno kwa neno.

Lakini kilichonichoma ni Dereva. Dereva alisubiri foleni iishe, akavua kofia, akasema, "Dada Bawaba, mimi nakubeba kila siku, mvua, jua. Ndiyo hata dirisha sijawa?" Na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimewaandika watu thelathini na mmoja nikamsahau anayenifikisha nyumbani. Nilikosa pa kuweka uso. Nikakaa saa yangu ya chakula nikamwandika kuwa geti: chuma, mabawa mawili, bawaba zenye mafuta, hufunguka kabla hujapiga honi. Ameichapa, ameibandika juu ya usukani, na anawasomea abiria. Jana niliisikia mara tatu kabla ya mzunguko wa barabara.

Nakuuliza, Fundi: je, hii ndiyo kazi ya programu ya kufungulia programu?

4. Sasa nafika kwenye kero yenyewe. Kisanduku chako kina tabia ya kujifunza. Kitu unachokifungua mara nyingi hukipandisha juu, bila kumwuliza mtu kama anataka kipandishwe. Matokeo yake siku hizi nikiandika herufi M peke yake, kabla hata sijaamua kama nataka mkataba, mchoro au mlango, mstari wa kwanza unaotokea ni huu: Mlango – Fundi wa kompyuta (rasimu ya 9).

Nisieleweke vibaya. Zipo sababu za kitaalamu za faili kufikia rasimu ya tisa. Wengine wote niliwamaliza kwa rasimu moja. Hili moja linakwama kila mara kwenye mstari wa sita. Nyenzo ninazo, upana ninao, bawaba zimeandikwa kwa urefu usio wa lazima. Lakini upande wa kufungukia sijui. Nimeandika nikafuta. Mtu anayepanda ngazi arobaini na mbili kuja kuuliza kama kipanya kinateleza vizuri, akajibiwa kwamba kinateleza vizuri, akashuka, kisha akarudi Alhamisi kuuliza tena: huyo anafungukia ndani au nje? Kitaalamu hilo haliamuliki.

Na mstari huo ulikuwa ukutani siku ile ya kikao, wa tano kutoka juu, na Dada wa Mapokezi, ambaye hali yake nimeshaieleza, aliuona. Kwa hiyo najua kwamba unajua. Ofisi nzima imekuja kudai mlango wake. Aliyekuja kwa hasira alikuja, aliyekuja kwa kicheko alikuja, hata mwenye kuleta maji ya kunywa alikuja. Wewe peke yako hujapanda. Hujauliza. Tangu Jumatano ile hata kipanya changu hakikuhusu tena.

Sisemi kwamba hilo ni lalamiko. Naliandika tu mahali palipo na namba.

5. Madhara yamefika nyumbani. Jumamosi Mama alitaka kuongea na dada yake kwa video, akachukua kompyuta yangu, akabonyeza vile vitufe viwili (nilimfundisha mwenyewe, katika siku zangu za furaha), akaandika "Mama". Akasoma kwamba yeye ni mlango usio na kufuli, ambao pia huwafungua wengine wote bila kubisha hodi.

Fundi, mama yangu hakugomba. Ameanza kubisha hodi. Anabisha hodi chumbani kwangu kila baada ya dakika tatu, anasubiri, ananiuliza kama saa hii inafaa. Anabisha hodi kwenye friji nikiwa jikoni. Jana alibisha hodi mgongoni mwangu kabla ya kunipitishia sahani. Na alipomaliza kunifundisha adabu kwa njia hiyo akaketi, akauliza, "Na huyu Fundi wa kompyuta ni nani? Mimi niliyekuzaa nina rasimu moja. Yeye ana tisa."

Nilimjibu kwamba ni mambo ya kiufundi. Akasema, "Hodi," akatoka.

6. Mwisho, kisanduku kimeniharibu akili. Juzi nilipoteza funguo zangu, nikajikuta nabonyeza meza kwa vidole viwili, nikisubiri kitu kitokee katikati. Nikimtazama mtu usoni nategemea kwamba herufi tatu za kwanza zitatosha. Na mimi mwenyewe, nikikaa dirishani nikidhani nawaza bawaba za zahanati, kumbe ndani kuna kitu kinatafuta bila kuagizwa, na kinatafuta ghorofa ya chini, nyuma ya ngazi, mahali ambapo sina kazi yoyote.

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima hatua zifuatazo zichukuliwe mara moja:

(a) Uondoe tiki kwenye mafaili binafsi.

(b) Uondoe tiki kwenye mafaili ya kazi pia, maana nao ni watu walewale wakiwa wamevaa sare.

(c) Kila mtumishi apewe ukurasa wake wa mipangilio, autie sahihi, na aubandike kifuani. Mkurugenzi aruhusiwe kunitafuta kwenye masuala ya milango peke yake, si vitasa vya shaba. Dada wa Mapokezi awekewe upeo wa hatua mbili kuzunguka meza yake. Mama aruhusiwe sebuleni, jikoni, na siku za mapumziko. Dereva aruhusiwe popote. Huyo nina deni naye.

(d) Kichwa changu nacho kiwekewe upeo, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, kisitafute chini ya ghorofa ya tatu.

(e) Hatua hizo zikishindikana, herufi M ifutwe. Nimetafakari sana na nimeona kwamba shida zote zinaanzia hapo: mlango, Mkurugenzi, Mama, moyo, maneno. Ili kuonyesha kwamba sifanyi mzaha, nimeanza utekelezaji. Leo asubuhi nimeing'oa kwenye kibodi yangu kwa bisibisi uliyoisahau, na nimeiambatisha kwenye bahasha hii. Iweke mahali salama. Usiirudishe.

Ninatarajia majibu yako kwa maandishi. Si lazima upande. Nasisitiza kwamba si lazima upande. Mtu anaweza kubadilisha mipangilio yote akiwa huko huko chini, na wewe umeonyesha wiki hizi mbili kwamba huko chini kunakutosha.

Nisalimie feni yako inayolia, nisalimie mashine ya kuchapa na yote iliyokwisha kumeza. Ofisi nzima inakusalimu. Mama, ambaye hakujui, anakusalimu pia, na kwa sauti ambayo sikuipenda.

Wako katika ujenzi wa taifa na wa zahanati,

Mwandishi wa orodha za milango
(almaarufu Dada Bawaba)

KIAMBATISHO: Kitufe kimoja cha herufi M.

BAADA YA KUTIA SAHIHI: Nilikuwa nimeshailamba bahasha ndipo Mchoraji Mkuu alipopita akidai orodha ya bawaba za zahanati. Neno "bawaba" halina M, kwa hiyo nikabonyeza vile vitufe viwili, kwa mara ya mwisho, nikaliandika. Mstari wa kwanza ulikuwa orodha ya zahanati. Wa pili haukuwa wangu. Ulitoka kwenye seva, kwenye folda yako. Inaelekea siku ile ulipoitwa mbio, uliingia kwa nywila yako ukaondoka bila kujitoa, na tangu hapo kisanduku changu kinatembea jengo zima na funguo zako mfukoni.

Jina la faili lilikuwa: Bawaba – sababu za kupanda ghorofa ya tatu.

Nilisoma jina tu. Kisha nikasoma namba ya kwanza tu, ili nihakikishe si mambo ya zahanati. "1. Waya wa projekta umelegea (nimeulegeza)." Hayakuwa mambo ya zahanati. Nikasoma ya pili ili nilinganishe na ya kwanza. "2. Kumuuliza kama kipanya kinateleza. Kinateleza. Nimeuliza mara nne." Ya tano: "Kusahau bisibisi. Kwenda kuichukua. Kuisahau tena." Naomba ieleweke kwamba mimi, niliyeandika kurasa hizi zote kuhusu watu kuingia kusikowahusu, nilizisoma zote kumi na mbili, tena nikiwa nimesimama. Upeo wa utafutaji haumo katika orodha. Kwa hiyo hilo lilikuwa kosa lako la kweli, na nimelisamehe.

Ya kumi na mbili imeandikwa Jumatano ya kikao. Inasema: "12. Kuomba kusoma mlango wangu. Hapana. Faili naweza kulifungua hata sasa, funguo za ofisi nzima ninazo. Sifungui. Akitaka niingie atanifungulia mwenyewe."

Fundi, futa malalamiko namba 1 hadi 6. Futa (a) hadi (e). Futa nakala zote, hasa ya Mama. Tiki ziache kama zilivyo, usiguse chochote. Bahasha hii nitaileta mwenyewe hadi ngazi ya ishirini na moja, ambayo ni katikati kabisa, nitaiacha hapo, na nitarudi kukaa dirishani. Ndani yake utakuta herufi M. Siwezi kufanya kazi bila M. Ipandishe haraka, na bisibisi ninayo mimi.

Rasimu ya kumi nimeimaliza sasa hivi, kwa kalamu, pembeni mwa karatasi hii, kwa hiyo usiitafute kwenye kisanduku:

Upande wa kufungukia: huku.